Risasi ni Shahidi: Miaka Ishirini Baada ya Januari ya Pemba

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini: lile la kijivu, zito, laini, linaloyeyuka upesi kuliko chuma na shaba. Na risasi ni kile kipande kinachotoka mtutuni kikaua. Neno tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako nako hubeba maana zote mbili. Ukimtajia neno hilo mvuvi wa Kojani au wa Tumbe, huenda fikra yake ya kwanza ikaenda kwenye chubwi za nyavu. Ukimtajia mtu wa Wete aliyekuwa mzima wa akili mwaka 2001, fikra yake haiendi baharini.

Mimi nililijua neno hili kwanza kwa mjomba wangu. Alikuwa mtu wa mshipi na nyavu, na kila kabla ya safari ya dago alikuwa akikusanya risasi chakavu, akaziweka katika kikaango kikuukuu juu ya moto wa vifuu, kisha akazisubu katika vishimo alivyovichimba kwenye udongo mkavu. Nilikuwa nikichutama karibu naye, na yeye akinifukuza: “Kaa juu ya upepo, mjomba, moshi huu si wa mtoto.” Hakusoma kemia, lakini alijua kwamba kitu kinachoshusha nyavu kinaweza pia kumshusha mtu.

Leo ni tarehe 27 Januari 2021. Imetimia miaka ishirini kamili tangu Jumamosi ile. Nimeombwa na wanafunzi wangu, ambao wengi wao walizaliwa baada yake au walikuwa wamebebwa migongoni, niandike kuhusu siasa za tukio hilo. Siasa zake zimeandikwa sana. Nitaandika kuhusu risasi yenyewe, kwa sababu naamini kuwa tumezungumza mno kuhusu vyama na kidogo mno kuhusu silaha, nani aliyeibeba, ilikuwa silaha ya namna gani, na nani aliyezihesabu risasi zilizorudi ghalani jioni ile.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki ambazo msomaji wa Tanzania huzisikia katika taarifa za polisi kwa majina ya SMG na SAR ni jamii ya silaha za kivita zilizobuniwa katika nchi za Kisovieti katikati ya karne iliyopita. SAR ni ile ya nusu otomatiki: inajipakia yenyewe, na kila kifyatulio kikivutwa hutoka risasi moja. Gesi ya baruti iliyoitoa risasi ya kwanza ndiyo inayosukuma mitambo, ikatupa ganda, ikaingiza risasi ya pili. Askari hana kazi ya kufanya baina ya risasi moja na nyingine isipokuwa kukunja kidole tena.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina uzito wake. Katika bunduki za zamani, kama zile za askari wa kikoloni, kila risasi ilidai mkono uinuke, komeo livutwe nyuma na kurudishwa mbele. Palikuwa na nafasi, fupi lakini ya kweli, ya mtu kuona alichokifanya kabla ya kukifanya tena. Silaha ya nusu otomatiki imeifuta nafasi hiyo. Sheria inataka kila risasi iwe na uamuzi wake na sababu yake. Mashine imetengenezwa ili ya pili isingoje uamuzi.

Na risasi inayotoka humo si ile risasi tupu ya mjomba wangu. Wapo watu, hasa Marekani, wanaosubu risasi zao wenyewe nyumbani na kuzipiga katika bunduki hizi kwa mchezo wa shabaha, na wao watakueleza usumbufu wake. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu za Selsiasi, na ni laini hata ukucha huweza kuyakwaruza. Yakisukumwa kwa kasi kubwa hujipaka ndani ya mtutu na kuuchafua. Yakipunguziwa kasi, gesi nayo huwa dhaifu na mitambo hukataa kujipakia. Basi wachezaji hao huyachanganya na antimoni na bati ili yawe magumu, na aghalabu huyavisha kitako cha shaba. Majeshi yalikwishaitatua shida hiyo zamani kwa kuivika risasi nzima koti la shaba, au la chuma lililopakwa shaba, na ndani yake moyo wa risasi au wa chuma. Hivyo ikaweza kwenda mita mia saba kwa sekunde, maradufu ya kasi ya sauti. Anayepigwa nayo huenda asisikie mlio wake.

Koti hilo lina historia ya aibu na ya heshima kwa pamoja. Waingereza walitengeneza huko Dum Dum, karibu na Calcutta, risasi ambayo ncha yake iliachwa wazi, ikawa inapasuka na kuchanua mwilini. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yakatoa tamko la kuipiga marufuku risasi ya namna hiyo vitani. Walikubaliana kwamba hata adui mwenye silaha ana mpaka wa mateso anayostahili. Lakini fikiri, ndugu msomaji, mahali risasi hiyo ya “kiungwana” ilipokusudiwa kufika: kwa askari mwenziwe, aliye na bunduki, umbali wa mita mia tatu au mia nne, katika uwanja usio na watoto. Haikukusudiwa kupigwa katika njia ya Wete, umbali wa kutupiana salamu, mahali ambapo nyuma ya mtu mmoja kuna mwingine, na nyuma ya wote hao kuna ukuta wa udongo na ndani yake mama anachambua mchele. Risasi iliyotengenezwa kupita mbali haijui kusimama karibu.

Sasa tuje Januari ile. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika; kura katika majimbo kumi na sita ya Mjini Magharibi zikarudiwa tarehe 5 Novemba, na Chama cha Wananchi, CUF, kikasusia. Kikaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari 2001 kudai uchaguzi mpya na katiba mpya. Serikali ikayapiga marufuku. Ijumaa ya tarehe 26 risasi zikapigwa Mwembetanga, mjini Unguja, na watu wakafa. Asubuhi ya Jumamosi watu wa Pemba wakatoka: Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani. Wakakutana na risasi za moto.

Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa katika Zanzibar. Hesabu ya serikali ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vyao hadi Shimoni, Kenya, na wengine wao wakapelekwa mpaka Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi wa Kisomali. Nchi ambayo ilijivunia kuwapokea wakimbizi wa Msumbiji, wa Rwanda, wa Burundi na wa Kongo ikawa, kwa mara ya kwanza, nchi inayotoa wakimbizi kwa wingi kama huo.

Lazima niseme pia jambo ambalo waandishi wa upande wetu hulipita upesi. Micheweni aliuawa askari polisi. Alikuwa mtoto wa mtu, alikuwa na mama, na aliyemwua alitenda dhambi na jinai. Asiyeweza kuitaja damu hiyo hana haki ya kuitaja nyingine. Najua pia hoja ya watu wa usalama, na siidharau: kwamba umati uliokusudia kuvamia kituo cha polisi hauwezi kutulizwa kwa maneno, na kwamba kituo kikivamiwa ghala la silaha limekwenda. Serikali ya Zanzibar inaijua hofu hiyo kuliko serikali nyingi, maana yenyewe ilizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kwa kuvamiwa maghala ya silaha ya Ziwani na Mtoni. Aliyeingia madarakani kwa mlango fulani huulinda mlango huo kwa makini.

Lakini hoja ya kulinda ghala inaishia kwenye uzio wa ghala. Haimfikii mtu aliyepigwa akiwa anakimbia. Haimfikii aliyepigwa njiani, mbali na kituo chochote. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema waziwazi kwamba silaha ya moto haitumiwi dhidi ya mtu ila kujilinda au kumlinda mwingine kutokana na hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu, na pale tu njia nyingine zisipotosha. Kanuni hizo hizo zinataka askari awajibike kwa kila silaha na kila risasi aliyokabidhiwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na haikuweka ila kwa walioandamana bila kibali. Maandamano yasiyo na kibali yana adhabu yake katika sheria. Adhabu hiyo hutolewa na hakimu, na wala si kifo.

Yapo mambo mawili ambayo kila nikienda Wete hunirudia.

La kwanza ni miili. Miaka michache iliyopita nilikaa barazani na mtu mmoja wa makamo ambaye hutembea akiburuta mguu. Vipande vimo nyongani mwake tangu Januari ile. Hakwenda hospitali siku hiyo kwa sababu aliogopa kwamba anayelala kitandani na jeraha la risasi angehesabiwa mshitakiwa kabla ya kuhesabiwa mgonjwa. Alipokwenda, muda ulikuwa umepita, akaambiwa aviache vilivyo. Aghalabu ushauri huo ni sahihi, kwani kipande kilichotulia katika nyama mwili hukijengea ukuta. Lakini madaktari wanajua pia kwamba kipande chenye madini ya risasi kikikaa ndani ya kiungo, ute wa kiungo hicho hukiyeyusha polepole, na sumu huingia katika damu hata baada ya miaka mingi. Dalili zake ni uchovu, maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, kusahau. Yaani dalili ambazo kijijini huitwa uzee au husuda. Kipimo chake ni cha damu tu. Nilimwuliza kama amewahi kupimwa. Akacheka: “Nani atanipima, Mwalimu? Hata kuandikwa sikuandikwa.”

Hata kuandikwa. Katika maneno hayo mawili imo kesi nzima ya Pemba.

La pili ni hesabu. Kila anayejua kazi ya ulinzi anajua kwamba askari hachukui risasi kama mtu achukuavyo embe. Hukabidhiwa kwa idadi, huandikwa katika daftari la ghala, na akirudi huhesabiwa. Basi jioni ya tarehe 27 Januari 2001, katika vituo vya Pemba, palikuwa na daftari. Ndani yake palikuwa na namba: zilizotoka, zilizorudi, na kwa mikono ya nani. Na kila risasi yenye koti ikipita mtutuni hubaki na michirizi ya mtutu huo, kama kidole kinavyoacha alama. Risasi ni shahidi, lakini ni shahidi anayehitaji kuitwa. Aliyetolewa mwilini na kutupwa kwenye ndoo ya hospitali, au aliyeokotwa na watoto njiani, hakuitwa na mtu. Rais Mkapa aliunda Tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na kuundwa kwake kulikuwa hatua ya maana, iliyotokana na Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001. Hata hivyo hakuna hukumu ya mahakama iliyotufikia inayosema: bunduki hii, ya kituo hiki, mikononi mwa fulani, ndiyo iliyomwua fulani.

Wapo watakaoniambia kwamba jambo hilo halifanyiki Afrika. Linafanyika. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 na ikaonyesha kwamba 405 kati yake vilitokana na risasi. Hesabu hiyo haikumfufua mtu, lakini ilizuia uongo, na ilisaidia kuzaa chombo huru cha kuisimamia polisi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Chombo hicho kina udhaifu wake mwingi, lakini Mkenya anayo anuani ya kupeleka malalamiko yake. Kule Marikana, Afrika Kusini, polisi waliwaua wachimba migodi 34 tarehe 16 Agosti 2012. Tume ya Jaji Farlam ilibaini kwamba bunduki za kivita aina ya R5 hazifai kutuliza umati, na ikataja sababu ambayo kila mwanasheria wa Zanzibar angepaswa kuijua: risasi zake huvunjikavunjika mwilini kiasi kwamba haiwezekani kuoanisha jeraha na bunduki ya askari fulani. Silaha hiyo inaua na kumfuta shahidi kwa pigo moja. Polisi anayeingia mitaani na silaha ya namna hiyo ameingia akiwa amekwishasamehewa.

Kwetu lipo gumu jingine, la kikatiba. Polisi ni jambo la Muungano. Aliyepigwa yuko Wete, mwakilishi wake anakaa Chukwani, na mwenye amri juu ya bunduki yuko ng'ambo ya bahari. Kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenziwe kwa kidole, na mwenye jeraha akabaki katikati, akigeuza shingo huku na huku.

Marehemu Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, alifanya jambo ambalo viongozi wachache hulifanya. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 2019, aliyataja mauaji ya Pemba kuwa doa katika uongozi wake. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini majuto ya mtu mmoja ni baina yake na Mola wake. Nchi inahitaji kitu kingine. Doa la nguo huombewa radhi. Damu huhesabiwa.

Ningeyaacha haya kwa wanahistoria lau yangekuwa ya jana tu. Oktoba iliyopita, katika siku za kupiga kura, Pemba ilisikia tena milio ya risasi, na pamezikwa tena watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na safari hii haukuwa ung'ongo. Kisha Disemba vyama vikakubaliana tena, Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na sisi tukaambiwa tufungue ukurasa mpya. Mimi ni miongoni mwa wanaoyataka maridhiano. Niliipigia kura serikali ya umoja wa kitaifa katika kura ya maoni ya mwaka 2010, na ningeipigia tena. Ila nimechoka na maridhiano ambayo kila mara hugawa viti na kamwe hayahesabu risasi. Viongozi hupatana juu ya nani aketi wapi. Hakuna kifungu kinachosema ni silaha gani isiingie tena katika njia za Wete.

Kwa hiyo nina maombi manne, na nayaelekeza kwa serikali zote mbili na kwa vyama vyote viwili.

Kwanza, bunduki za kivita, ziwe za otomatiki au za nusu otomatiki, zisibebwe na askari wanaopangwa mbele ya mikutano, maandamano na vituo vya kura. Ziwepo ghalani na kwa wanaolinda ghala. Anayetangulia mbele ya raia abebe ngao na sauti.

Pili, daftari la risasi la kila operesheni ya namna hiyo lifunguliwe kwa jaji, si kwa kamanda peke yake, ndani ya muda utakaowekwa na sheria. Na kila risasi itakayotolewa katika mwili wa mtu ihifadhiwe kama ushahidi, kwa saini ya daktari.

Tatu, ripoti ya Tume ya Mbita iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa skuli ya Micheweni anaweza kuifungua na kuisoma, na majina ya waliokufa, akiwemo yule askari, yasomwe pamoja.

Nne, na hili halihitaji hata mjadala wa Bunge: waliojeruhiwa mwaka 2001 na mwaka 2020 waitwe hospitali wapimwe. Waambiwe mapema kwamba hawataulizwa chama. Wapigwe picha, wapimwe sumu ya risasi katika damu, na wanaoweza kutolewa vipande watolewe. Gharama yake si kubwa kuliko ya risasi zilizotumika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumeyaficha maradhi haya kwa miaka ishirini, na kila miaka mitano homa yake hupanda.

Mjomba wangu alifariki kabla ya Januari ile. Chubwi zake ninazo mbili mezani kwangu. Wanafunzi huziuliza, nami huwaambia ni risasi, nao hushtuka na kuzirudisha mezani upesi. Ningependa, kabla sijastaafu, nimpate mwanafunzi mmoja kutoka Pemba ambaye nikimwambia neno hilo atafikiri nyavu.